Nusu ya Ibara Tunayoiruka Darasani

Mwangaluka, walimu wenzangu! Ahsanteni. Naona chai imefanya kazi yake.

Muulize mwanafunzi wa kidato cha pili wajibu wa raia ni upi. Atakutiririshia: kulipa kodi, kutii sheria, kulinda mali ya umma. Sasa muulize, fedha za choo cha shule zikiwa hazieleweki, aanzie wapi kuuliza? Atatazama dari. Mimi leo nimekuja kwa ajili ya hiyo dari.

Fungueni Ibara ya 26 ya Katiba ya Tanzania ya 1977. Ibara ndogo ya kwanza inamtaka kila mtu afuate na kutii Katiba na sheria. Hiyo tunaifundisha vizuri sana, maana inatusaidia hata siku za zamu. Ibara ndogo ya pili, iliyo papo hapo chini yake, inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria, kwa utaratibu uliowekwa, ili Katiba na sheria zilindwe. Hiyo tunairuka. Na tukiifundisha, tuifundishe na mipaka yake: haki za msingi ziliingia kwenye Katiba mwaka 1984, ila mahakama zilianza kuzisikiliza Machi 1988, na marekebisho ya sheria ya 2020 yalimtaka anayefungua shauri la haki hizo aonyeshe kwamba yeye mwenyewe ameathirika. Mtoto wa miaka kumi na tano ana akili ya kulijadili hilo. Mpeni nafasi.

Mifano tusiifuate mbali. Januari 1958, hapa hapa Tabora, TANU, chama kilichopigania uhuru, ilikutana ikiwa na mtihani mgumu. Serikali ya kikoloni ilileta uchaguzi wa kura tatu: mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, na si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura. Wapo waliotaka kususia kabisa. Mwalimu Nyerere akajenga hoja ya kuingia. Wengi wakakubali, Zuberi Mtemvu akatoka na kuanzisha chama chake. Uamuzi huo wa kuingia sisi tunawakaririsha watoto, "Uamuzi wa Busara", kama jina la sikukuu. Jaribuni hivi: ligaweni darasa, nusu watetee kususia, nusu watetee kushiriki, na msiwaambie mapema nani alishinda. Kundi la kususia likiwashinda wenzao kwa hoja, liacheni lishinde.

Halafu watokeni nje ya darasa. Kwa sheria, mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea, na unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Mwanafunzi wenu hapigi kura pale, lakini anaweza kusoma taarifa ya mapato na matumizi kwenye ubao wa ofisi, kama imebandikwa. Wanafunzi wa Urambo na Sikonge wana darasa jingine nyumbani: mzazi ni mwanachama wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, tumbaku imeuzwa, makato yapo. Nani aliyapitisha? Mkutano gani uliweka ukomo wa madeni? Mzee alihudhuria, au alikuwa bado bani, akikausha tumbaku? Hapo haki na wajibu vimekaa kwenye karatasi moja ya malipo, na hesabu ya asilimia imo humo humo.

Najua mnalonong'ona huko nyuma: mwalimu, unatufugia wabishi. Mtoto kusikilizwa si hisani yetu, Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa haki ya kutoa maoni, na sheria hiyo hiyo inampa wajibu wa kuheshimu wazazi na wakubwa. Basi afundishwe kuuliza kwa adabu na kwa maandishi.

Na mtendaji wa kijiji akikataa kuwapokea ofisini kwake, msibishane naye mbele ya wanafunzi. Rudini darasani, waandike barua rasmi: anwani mbili, tarehe, kumbukumbu, swali moja tu, nakala kwa mkuu wa shule. Isahihisheni kama insha, mtoe alama. Kisha ipelekeni, na daftari la kusainiwa barua ikipokelewa abebe mwanafunzi.