Chaguo bila basi: mipaka ya shule na watoto wetu wa darasa la 6 hapa Louisville

BARAKA: Haya jamani karibuni sana, niko na Mama Furaha kama kawaida, na leo hatuna mambo mengi, ni jambo moja tu, shule. Hasa hawa watoto wanaomaliza darasa la 5, maana hapa Louisville, Kentucky, Marekani, hapo ndo mtoto anaacha shule ya msingi anaingia shule ya kati, la 6 mpaka la 8, na hapo ndo simu zinaanza kulia.

MAMA FURAHA: Zinalia kweli kaka Baraka. Kanisani, msikitini, kwenye magrupu ya watsapu, swali ni lile lile, mbona mtoto wa jirani kapelekwa shule ile na wangu kapelekwa huku mbali, wakati kinachotutenganisha ni barabara tu, tunaonana dirishani.

BARAKA: Barabara hiyo ndo mpaka wenyewe. Kwa wale wageni na mji, shule za serikali za kaunti nzima ya Jefferson ziko chini ya bodi moja, watoto kama elfu 96 hivi, na kila anwani kwenye ramani yao imepangiwa shule yake ya kati. Haijalishi ukaribu. Inawezekana kuna shule unaiona ukitoka nje, unasikia mpaka kengele yake, na mtoto wako si wa pale.

MAMA FURAHA: Na sisi tunahama jamani. Ukifika unawekwa apatimenti ya kwanza na wale wa shirika la kupokea wakimbizi, mwaka ukiisha kodi inapanda, unatafuta nyingine, mwingine anapata kazi upande wa pili wa mji anasogea huko. Kila ukihama, anwani imebadilika, na anwani ikibadilika shule nayo inaweza kubadilika. Mtoto ndo kwanza kaanza kuongea Kiingereza kidogo, kapata marafiki wawili watatu, unaambiwa huyu sasa ni wa zoni nyingine, yaani eneo la shule nyingine. Kwa kweli inauma sana.

BARAKA: Mi naomba turudi nyuma kidogo, kwa sababu watu wanadhani mipaka hii imechorwa tu ofisini na mtu asiyejua mji. Hapana. Mwaka 1975 mahakama iliamuru watoto weusi na wazungu wachanganywe shuleni, kwa hiyo mabasi yakaanza kuwatoa upande mmoja wa mji kuwapeleka mwingine. Septemba ile kulikuwa na fujo, wazungu wanaandamana, mabasi yanapigwa mawe, mpaka askari wa Gadi ya Taifa wakapanda ndani ya mabasi kulinda watoto. Na zamu ya kupanda basi ilipangwa kwa herufi ya kwanza ya jina la ukoo!

MAMA FURAHA: Herufi ya jina?

BARAKA: Eeh, jina lako likianza na herufi fulani basi mwaka fulani unasafirishwa. Na haikuwa sawa kwa sawa, mtoto wa kizungu ilikuwa kama miaka 2 kati ya 12 ya shule, mtoto mweusi miaka mingi zaidi ya hiyo, mara kadhaa. Yaani mzigo wa kuchanganya mji walibebeshwa watoto weusi wa magharibi mwa mji, ule upande wa kuvuka barabara ya Ninth Street.

MAMA FURAHA: Na huo mzigo haukushuka hata amri ya mahakama ilipoisha mwaka 2000. Bodi wenyewe wakaamua kuendelea, wakaweka kwamba shule nyingi ziwe na watoto weusi si chini ya asilimia 15 na si zaidi ya 50. Halafu kuna mama mmoja mwanae wa chekechea alikataliwa kuhamia shule iliyo karibu na kwao kwa sababu ya hiyo hesabu ya rangi, akaenda mahakamani, kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani kule Washington, na Juni 2007 akashinda, majaji 5 kwa 4. Kwa hiyo tangu hapo hawaruhusiwi kumpangia mtoto mmoja mmoja shule kwa kuangalia rangi yake, ikabidi wawe wanaangalia mtaa, kipato cha watu wa pale, elimu yao na kadhalika.

BARAKA: Lakini ramani ya watoto wa magharibi ikabaki vile vile. Vipande vya mtaa wao vimefungwa na shule ambayo iko maili nyingi huko mashariki au kusini, katikati hapo wamepita shule nyingine kibao. Kwa karibu miaka 50.

MAMA FURAHA: Ndo tunafika 2022. Juni 2022 bodi ikapitisha mpango mpya, wakasema sasa familia za magharibi zitachagua, mtoto aende shule ya karibu au aendelee na ile ya mbali. Na wakaanza na darasa la 6 na la 9 mwaka wa shule wa 2023, yaani wale wanaoingia shule ya kati na wanaoingia sekondari. Wakafungua na shule ya kati mpya, Hudson, wakaahidi na hela za ziada kwa shule za upande ule. Na pamoja na hilo mipaka ya sehemu nyingine za kaunti nayo ikachorwa upya. Mimi niseme wazi, ule mpango kwa nia yake nauunga mkono. Mzazi mweusi wa Shawnee au Parkland, mitaa ya magharibi, aliyekuwa anamwamsha mwanae saa kumi na moja alfajiri alikuwa na haki kabisa ya kusema sasa basi, imetosha.

BARAKA: Nakubali, ila kuna watu waliuliza swali zuri kwamba hizo shule za karibu zikijaa watoto maskini peke yao na walimu wazoefu wanakwenda mashariki, umemsaidia mtoto au umemfungia? Hilo swali halijajibiwa mpaka leo.

MAMA FURAHA: Halijajibiwa. Na sio la rangi tu, ni la hela. Mtoto akisoma karibu na nyumbani sawa, lakini awe na mwalimu wa hesabu, sio mbadala leo mbadala kesho.

BARAKA: Sasa tuzungumzie basi, maana hapo ndo hasira yote ilipo. Ukimwambia mzazi chagua, maana yake mabasi yaongezeke, si ndiyo? Kutoka mtaa mmoja sasa watoto wanaenda shule mbili tatu tofauti. Na madereva hawakuwepo. Kwa hiyo kiangazi cha 2023 wakatumia programu ya kompyuta kupanga njia upya, wakapunguza njia kutoka 730 hivi mpaka 600, na muda wa kuanza shule ukatoka nyakati mbili ukawa tisa, kuna shule zinaanza saa moja na dakika 40 asubuhi, kuna nyingine saa nne na dakika 40.

MAMA FURAHA: Agosti 9, 2023. Hiyo tarehe wazazi wa mji huu hawaisahau.

BARAKA: Siku ya kwanza ya shule. Watoto wa mwisho walishushwa saa nne usiku kasoro dakika 2. Watoto wadogo! Wana njaa, wengine wamejikojolea, wazazi wako vituoni hawajui basi liko wapi, simu za shule hazipokelewi. Kesho yake shule zikafungwa, na hazikufunguliwa hiyo wiki. Msingi na kati walirudi tarehe 18, sekondari tarehe 21.

MAMA FURAHA: Na sisi huku kaka Baraka fikiria mzazi asiyejua Kiingereza. Mwenzake mzungu yuko Facebook anasoma kila dakika, anajua basi namba fulani limechelewa. Huyu wetu hajui kitu. Kasimama kituoni tangu saa kumi jioni, giza linaingia, anajua tu kwamba mtoto alimpandisha basi la njano asubuhi na hajarudi. Na huyu ni mtu aliyetoka vitani, aliyewahi kupoteza mtoto njiani akikimbia, mwingine kweli amempoteza. Huwezi kumwambia ni hitilafu ya programu. Kwa mtu kama huyo mtoto kutorudi jioni ni jambo linalomrudisha mahali alipokuwa ameshapakimbia. Mimi nikikumbuka akina mama walivyolia ile wiki, bado nina hasira, na sitaki kuificha.

BARAKA: Na hiyo wiki ya kufungwa, nani angeweza kukosa kazi akae na mtoto? Watu wanafanya zamu ya usiku UPS, ile kampuni ya vifurushi, pale airport, wengine viwandani, bosi haelewi habari za mipaka ya shule. Unakosa siku tatu umeandikiwa pointi, pointi zikijaa umefukuzwa.

MAMA FURAHA: Halafu 2024 ndo wakaja na lile la magneti.

BARAKA: Eeh hebu tulieleze polepole kwa sababu hapa watu wetu wamechanganyikiwa. Zile shule za magneti na zile za tradishino, ni shule zenye programu maalum ambazo unaomba, sio za mtaa. Kwa mfano Meyzeek ina programu ya hesabu na sayansi, Johnson Traditional ni ya nidhamu ile ya kizamani na yunifomu. Mtoto anaomba kutoka popote kaunti nzima, akipata anaenda. Aprili 2024 bodi ikapiga kura, 4 kwa 3, kwamba kuanzia Agosti hiyo mabasi ya watoto wengi wa magneti na tradishino hayapo tena. Madereva hakuna.

MAMA FURAHA: Kwa hiyo nani anabaki pale? Anayebaki ni mwenye gari na mwenye mama anayeweza kutoka kazini saa nane mchana. Mtoto wa mkimbizi mwenye akili ya hesabu, kapambana, kapata nafasi, anaambiwa nafasi unayo, basi huna. Baba ndo ana gari moja na analala mchana kwa sababu usiku kazini. Huyo mtoto anarudishwa shule ya zoni yake, na kwenye makaratasi itaandikwa kwamba familia imechagua. Haijachagua! Wamekosa namna ya kumfikisha. Mimi neno chaguo nimelichoka kabisa, chaguo ambalo linamtaka mtu awe na gari la pili sio chaguo.

BARAKA: Mwanzoni mwa 2025 wakapata madereva wa kuazima kutoka mabasi ya mji, wakarudisha kwa shule mbili, Central na Western, zote sekondari. Wa shule za kati hawakuwemo.

MAMA FURAHA: Na ndo umri mbaya wa kumwacha mtoto, miaka 11, 12, 13, ukimwacha asafiri mwenyewe kwa basi la mji, kubadilisha basi mara mbili, ni mdogo, ukimwacha nyumbani ni mkubwa wa kutosha kujitafutia matatizo.

BARAKA: Sasa mama, tumesema ya uchungu, tuwape watu na cha kushika mkononi. Mi nitaanza na lugha. Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazoongewa sana majumbani kwa watoto wa shule za hapa, sio lugha ya kificho. Na sheria ya haki za kiraia ya 1964 inazibana shule zote zinazopokea hela ya serikali kuu, taarifa muhimu mzazi apewe kwa lugha anayoielewa. Kwa hiyo barua ya kumpangia mtoto shule ikija kwa Kiingereza na huielewi, unapiga simu, unasema neno moja tu, Swahili, unasubiri mkalimani. Ni bure. Na msiwatumie watoto kutafsiri, mtoto wa miaka 11 atatafsiri barua inayomhusu yeye mwenyewe kweli? Atasema anachotaka yeye.

MAMA FURAHA: La pili ambalo watu wetu hawalijui kabisa. Kama umepoteza nyumba, umeshindwa kodi, mmehamia kwa shemeji mko familia mbili kwenye vyumba viwili, kisheria mtoto wako anahesabiwa hana makazi. Najua neno hilo linaumiza, watu wanaona aibu, wanasema sisi sio wa barabarani. Lakini hiyo sheria ya McKinney-Vento ya 1987 inampa mtoto haki ya kubaki kwenye shule ile ile aliyokuwa anasoma hata kama mmehamia zoni nyingine, pale inapokuwa na faida kwake, na kupelekwa, usafiri juu ya shule. Na hawawezi kumkataa eti hana makaratasi. Kila bodi ya shule lazima iwe na mtu wa kushughulikia hilo, unauliza tu, nani anashughulikia McKinney-Vento.

BARAKA: Hiyo nimeona familia ikiitumia, mtoto kamaliza la 8 pale pale alipoanzia.

MAMA FURAHA: Kuna dada ametuma voisi anauliza, mwanangu yuko la 5, nifanye nini na lini? Dada, usingoje kiangazi. Maombi ya mwaka ujao yanafunguliwa mwaka huu huu, kuanzia Oktoba hivi, ukingoja mpaka mtoto afunge shule nafasi za programu zimekwisha na mtoto anapelekwa kokote anwani inakosema. Ingia kwenye tovuti ya shule za kaunti uandike anwani yako uone shule ya kati ya mtaa wako ni ipi. Halafu kabla hujajaza uliza swali hili, kwa anwani hii na shule hii, basi lipo? Lipo kwa maandishi? Maana maneno ya mdomo mwezi wa nane yanabadilika.

BARAKA: Na vikao vya bodi viko wazi, unajiandikisha unapewa dakika chache unaongea. Wajumbe ni 7, kila mmoja na eneo lake, na wanachaguliwa kwa kura. Ile ya mabasi ilipita kwa kura moja tu! Watu wetu wengi wameshaapa uraia, Novemba wanaenda wanapiga kura ya rais au meya wanaondoka, mjumbe wa bodi ya shule yuko huko chini kwenye karatasi hiyo hiyo wanamruka.

MAMA FURAHA: Kikao kijacho mimi nakwenda, nimeshajiandikisha kuongea na nimeomba mkalimani kwa ajili ya akina mama nitakaokwenda nao. Anayetaka kuja na hana usafiri aandike kwenye grupu mapema, tutapanga magari.