Wasiwasi hauna mchawi mmoja kichwani

Nimeshalisema hili mara nyingi na leo nalirudia, maana kila nikikaa na watu swali ni lilelile, ni kitu gani hasa kwenye ubongo kinacholeta wasiwasi, kana kwamba kuna mchawi mmoja kajificha humo na tukimkamata tu kazi imeisha. Hayupo.

Chukueni habari ya yule mama wa Marekani, watafiti wanamwita S.M. tu. Ana ugonjwa adimu wa kurithi, Urbach-Wiethe, umemharibia amigdala zote mbili, kushoto na kulia, na amigdala mnaijua, kile kisehemu kidogo ndani ya ubongo, ndiyo hiyo kila mtu anaiita kituo cha hofu. Wakampeleka kwenye duka la wanyama, mwenyewe anasema anawachukia nyoka, halafu huyo kamshika mmoja mkononi, anamgusa mpaka ulimi, na bado anataka aguse wale wakubwa! Filamu za kutisha, hashtuki. Watu wakasema si mnaona, hofu inakaa pale. Sasa mwaka 2013 mtafiti Justin Feinstein na wenzake wakamvutisha hewa yenye kaboni dioksaidi asilimia 35, pumzi moja tu, na mama huyuhuyu akashikwa na hofu kali, mkono unaenda kwenye barakoa itolewe. Mapacha wawili wenye tatizo hilohilo nao ikawa vilevile. Yaani hofu ya nyoka ina njia yake, na ile inayokuja mwili ukihisi unakosa hewa ina njia nyingine.

Kwenye jeni ni hivyohivyo. Mwaka 1996 mtafiti Lesch na wenzake walitangaza kwamba jeni linalohusika kurudisha serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za ubongo, ndani ya seli lina umbo fupi, na wenye umbo hilo huwa na wasiwasi zaidi kidogo, na hicho kidogo ni asilimia 3 mpaka 4 tu ya tofauti kati ya watu, ila huko nje likaitwa jeni la wasiwasi. Mwaka 2019 wengine wakapima majeni 18 maarufu kwenye sonona, ambayo ni ndugu wa karibu wa wasiwasi, kwa sampuli za maelfu kwa maelfu ya watu, wakakuta hayana uzito zaidi ya majeni yaliyookotwa tu bila kuchagua.

Najua mtu ataniambia mbona kwetu ni ukoo mzima. Sawa kabisa! Tafiti za mapacha zinaonyesha urithi unachangia kama asilimia 30 mpaka 40 ya tofauti kati ya watu, ila umetawanyika kwenye majeni mengi sana, kila moja linasukuma kidogo, na yaliyobaki ni maisha mtu aliyopitia.

Kemikali nazipitia haraka. Mkisema ni upungufu wa serotonini tu, nielezeni kwa nini dawa zinazoigusa serotonini zinaanza kazi ndani ya saa chache lakini nafuu inakuja baada ya wiki kadhaa, na siku za mwanzo wengine wasiwasi unazidi. Benzodiazepini, dawa za kutuliza wasiwasi zilizoingia sokoni mwaka 1960, zenyewe zinaipa nguvu GABA, ile kemikali inayotuliza seli za neva, zinatuliza upesi kweli ila mwili unazizoea. Kwa hiyo aliyezitumia muda mrefu asiziache ghafla, degedege linaweza kumpata, amwone daktari ampunguzie dozi taratibu.