Acheni Kusukuma Anwani kwa Spesibaa

Haya, wa nyuma mnanisikia? Sawa. Mambo ya barua rasmi, anwani mbili, "Yah", "Ndugu", "wako mtiifu", hayo mlifundishwa shuleni, sirudii, aliyesahau amuulize jirani yake. Mimi nina neno moja tu, na walionisikia kwingine watasema huyu mama kaanza tena. Ndio nimeanza tena. Acheni kusukuma anwani kwa spesibaa.

Nawajua mnavyofanya. Unafungua Word, kidole kwenye spesibaa, kile kitufe kirefu cha kuacha nafasi, tiki tiki tiki mpaka kishale kifike kulia, unaandika jina, enta, tiki tiki tiki tena kwa ajili ya S.L.P., enta, tena kwa ajili ya mji. Kwenye skrini imenyooka kabisa unajipongeza.

Sasa nisikilizeni. Nilikuwa hazili, yaani katibu muhtasi, kwenye ofisi moja, siitaji, na kijana wa mafunzo kachapa barua ya kwenda wizarani, nzuri tu. Bosi macho yalishaanza kumchoka, akasema kuza maandishi yawe 14, na hii Calibri sitaki weka Times New Roman. Dereva yuko nje gari linaunguruma. Nikachagua barua yote, nikabadilisha fonti. Jamani! Jina la ofisi nusu limebaki kulia nusu limeporomokea kushoto, "S.L.P." iko huku namba yake iko kule chini, na jina la bosi na cheo chake vimehamia ukurasa wa pili peke yao kama wageni waliokosa viti. Nikabonyeza kile kitufe chenye alama kama P iliyogeuzwa, kinaonyesha spesi zote kwa vidoti, we, skrini nzima siafu! Nikahesabu mstari wa kwanza. Spesi 102. Mia na mbili, mara mistari minne! Fonti ikikua na spesi nazo zinakua, zote 102, sasa unategemea anwani itaenda wapi kama sio kudondoka? Na kusogeza saini chini alitumia enta, hizo sikuhesabu, nilishakata tamaa. Na aliyefokewa ni mimi sio yeye.

Kuna mzee pale anatikisa kichwa, najua anataka kusema enzi za taipureta tulipiga spesi na barua zilinyooka. Shikamoo mzee, lakini ile sio sawa na kompyuta. Kwenye taipureta kila herufi ilikuwa na upana mmoja, i na m sawasawa, 10 kwa inchi au 12 kutegemea mashine, kwahiyo ukihesabu inatoka sawa. Na hata hivyo hazili aliyefundwa hakuhesabu, mashine ilikuwa na kitufe cha tab, unaipangia vituo gari la mashine linakwenda lenyewe mpaka pale. Hicho hicho kipo kwenye kibodi yako kushoto, kinaitwa tab lakini kazi yake ni kukuondolea tabu, na nyie mnakipita kila siku.

Dawa yenyewe ni fupi kuliko ugonjwa. Chagua mistari ya anwani yako, nenda kwenye rula juu ya ukurasa, kama haipo iwashe kwenye menyu ya View, upande wa kushoto kuna kijisanduku kidogo cha chini, kivute mpaka kama sentimita 9, achia. Basi! Badilisha fonti unavyotaka haiendi popote. Kuna mjanja atasema mimi nabonyeza ile ya kulazia kulia. Hapana, ile inanyoosha mwisho wa mistari halafu mianzo inakuwa kama meno ya msumeno, na anwani yetu inatakiwa mianzo ndio ikae chini ya mwenzake. Mwingine atasema si natuma PDF? Tuma, PDF inagandisha kweli, ila kabla ya PDF bosi atasema ongeza neno moja hapa, ndipo utanikumbuka.

Kumb. Na. kushoto na tarehe kulia mstari mmoja, hapo tumia tab ya kulia, weka kituo mwisho kabisa wa rula... naona MC ananionyesha saa. Dakika tano? Jamani nilikuwa na mambo nane.

Haya haraka. Mistari ya anwani ikiachana achana, Word yenyewe inaongeza pointi 8 baada ya kila enta, iweke 0 au tumia shift na enta. Karatasi hakikisha ni A4, kompyuta nyingi zinakuja na Letter ya Kimarekani, pana zaidi na fupi zaidi, milimita 216 kwa 279 wakati A4 ni 210 kwa 297, ndio maana printa inagoma. Kichwa cha "YAH" kikiwa kimekozwa usikipigie mstari tena, mstari ulikuwa wa taipureta kwa sababu haikuwa na wino wa kukoza. Ukurasa mpya ni control na enta. "Nakala kwa" na "K.n.y.", yaani kwa niaba ya, sitaweza leo.

Nani ana barua ya maombi kwenye flashi? Wewe wa shati la bluu uliyekuwa unacheka, lete hapa tuwashe vidoti tuhesabu.