Kupima Hali ya Mwili ya Ng'ombe wa Nyama: Mkono Kabla ya Jicho

Ndugu wafugaji na wataalamu wa mifugo, nawashukuru kwa kuja kusikiliza habari ya kipimo kisichohitaji mashine wala maabara, na ambacho, kwa maoni yangu, kinapuuzwa kwa sababu hiyohiyo ya urahisi wake.

Mizani pekee haitoshi. Ng'ombe wawili wanaweza kuwa na kilo 450 kila mmoja, huku mmoja akiwa mwenye umbo kubwa aliyekonda na mwingine akiwa mdogo aliyenenepa kupita kiasi. Mwenye mimba kubwa hudanganya zaidi, kwa kuwa ndama na maji ya uzazi huongeza uzito wakati mama mwenyewe anapungua. Tunachotaka kujua ni kiasi cha mafuta na misuli aliyojiwekea, na hicho hupewa alama. Huko Marekani ng'ombe wa nyama hupimwa kwa alama 1 hadi 9, na kwingineko 1 hadi 5. Chagueni mfumo mmoja na mdumu nao. Mimi leo natumia ule wa 9.

Alama 1 ni mnyama aliyebaki mifupa, na 9 ni yule ambaye mifupa yake imezama kabisa ndani ya mafuta. Kazi kubwa iko katikati. Mwenye alama 4 huonyesha mbavu mbili za mwisho. Akifika 5, mbavu hizo hazionekani kwa urahisi, na pande zote mbili za shina la mkia zimejaa bila kufanya vichuguu vya mafuta. Kwenye 6, ukibonyeza juu ya mbavu unahisi ulaini wa mafuta.

Nasema ukibonyeza, kwa sababu manyoya marefu na tumbo lililojaa malisho huficha mengi. Mnyama akiwa amezuiliwa vizuri, pitisha kiganja juu ya uti wa mgongo, ubonyeze ncha za mifupa mifupi ya kiunoni, kisha uende kwenye nyonga na shina la mkia. Ncha zikiwa kali, ng'ombe amekonda, hata kama kwa mbali anapendeza. Kwa wenye nundu, msiihesabu nundu.

Sasa nifike penye uzito wa jambo lenyewe, yaani uzazi. Mimba ya ng'ombe huchukua takriban siku 283. Kwa hiyo anayetakiwa kuzaa kila mwaka ana siku 80 hivi tu, baada ya kuzaa, za kupona kizazi, kurudi kwenye joto, yaani hali ya kutaka dume, na kushika mimba nyingine. Mwili hukitanguliza kile kinachomweka mama hai na kinachomnyonyesha ndama, na joto husubiri. Aliyezaa akiwa amekonda husubiri muda mrefu, na kumnenepesha wakati huo ni kazi ngumu na ya gharama, kwa kuwa sehemu kubwa ya chakula chake hugeuka maziwa.

Ndiyo maana nasisitiza vipimo viwili: siku ndama anapoachishwa kunyonya, na siku 90 kabla ya kuzaa. Lengo wakati wa kuzaa ni alama 5 kwa ng'ombe mzima, na 6 kwa mtamba wa mimba ya kwanza, ambaye bado anakua. Alama moja ni kama kilo 40 za mwili. Mwenye 4 akigunduliwa siku 90 kabla, anahitaji kuongeza chini kidogo ya nusu kilo kwa siku, mbali na ukuaji wa ndama tumboni. Akigunduliwa zikiwa zimebaki siku 30, anahitaji zaidi ya kilo moja na robo kila siku, jambo ambalo malisho ya kawaida hayaliwezi.

Wapo wanaomnyima mtamba chakula mwishoni mwa mimba ili ndama awe mdogo na atoke kwa urahisi. Naiomba desturi hiyo iachwe. Humzalia mfugaji mama asiye na nguvu za kusukuma, dang'a duni, yaani yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, na ndama dhaifu. Kumnenepesha kupita kiasi nako kuna hasara, maana mafuta huibana njia ya uzazi.

Baada ya kupima, watengeni waliokonda pamoja na mitamba, mkiwapa malisho bora bila kugombania na ng'ombe wakubwa. Na kazi ya kutoa alama ipewe mtu yuleyule kila msimu, aandike palepale zizini, ili alama za mwaka huu ziweze kulinganishwa na za mwaka uliopita.