Shokapu imemwaga mafuta: gari lililojaa mzigo kwenye vumbi la Australia

Habari zenu jamaa zangu. Leo mnisamehe kwa hali mnayoniona nayo, nimelala chali chini ya gari. Ngoja nisogeze tochi. Mnaliona hilo bomba jeusi nyuma ya gurudumu, lililolowa hadi vumbi likaganda juu yake kama udongo wa kufinyangia? Hiyo ni shokapu ya nyuma, upande wa kulia. Huo unyevu si maji, ni mafuta yake yanatoka. Nimeigusa kama dakika tano zilizopita. Kidole hiki hapa, tazameni, kimeshatoa lengelenge.

Natoka huku chini niwaonyeshe nilipo. Haya. Kushoto hakuna kitu, kulia hakuna kitu. Hii ni barabara ya Oodnadatta Track, jimbo la South Australia, kilomita kama 620 kutoka Marree hadi Marla, na karibu yote ni changarawe na vumbi. Nimekipita kijiji cha William Creek asubuhi, naelekea mji mdogo wa Oodnadatta. Tangu hapo nimepishana na magari matatu tu.

Mmekuwa mkiniandikia, "Kaka, wewe una gari la kuvuta magurudumu yote manne, unaogopa nini?" Naogopa uzito. Gari hili likiwa tupu nalijua kama ninavyoijua njia ya kwenda chooni usiku. Likijaa, ni gari jingine kabisa. Linachelewa kusimama, linalala kwenye kona, na ukiligeuza ghafla haligeuki pale ulipotaka wewe.

Kabla ya safari nililipeleka kwenye mizani. Kibandiko cha mlangoni kinasema uzito wote usizidi kilo 3,050, yaani gari, mafuta, watu na kila kilichomo. Mimi nilikuwa nina uhakika niko salama. Mizani ikasema 3,140. Nilibisha nayo kabisa, kama vile inasikia! Kisha nikakaa chini nikahesabu. Maji lita 80 ni kilo 80. Dizeli lita moja haifiki kilo, lakini tangi langu likijaa ni zaidi ya kilo 100. Ngao ya chuma ya mbele, tairi mbili za spea, sanduku la spana, sisi wawili, mimi na mke wangu. Hakuna kitu kimoja kizito sana, ila vikijumlishwa ndiyo hiyo tani unayoibeba. Nikashusha vitu hadi nikarudi chini ya kiwango, na viti vya kukunja vilivyobaki nyumbani sijavikumbuka hata siku moja.

Halafu kuna suala la mzigo unakaa wapi, na hapa ndipo watu wengi wanakosea. Kila kilicho juu ya keria kinapandisha juu uzito wa gari na kulifanya lipinduke kwa urahisi zaidi. Kila kinachoning'inia nyuma ya ekseli ya nyuma kinafanya kazi kama mtu anayekalia ncha ya ubao: nyuma kunadidimia, mbele kunanyanyuka, na magurudumu yanayokuongoza yanapungukiwa na uzito wa kushika ardhi. Ndiyo maana maji yangu yako sakafuni, nyuma tu ya viti vya mbele, yamefungwa kwa mikanda. Juu kuna hema na vitu vyepesi tu. Mtu akikuambia weka madumu ya maji juu ya keria, mshukuru, halafu usifanye.

Sasa shokapu. Angalieni barabara, naishusha kamera. Mnaona hayo mawimbi madogo madogo, kama mgongo wa bati? Mwaka 2007 Stephen Morris wa Chuo Kikuu cha Toronto na wenzake walichapisha utafiti ambao kifaa chake kilikuwa gurudumu linalozunguka juu ya mchanga, basi. Waligundua kwamba likizidi mwendo fulani, mchanga wenyewe unaanza kujipanga mawimbi, hata ukianza ukiwa sawasawa. Yaani haya mabati tunayalaani, lakini tunayatengeneza sisi wenyewe kwa magurudumu yetu.

Kila wimbi, springi inaruka na shokapu inaizuia, na kile kishindo kinageuka joto ndani ya mafuta yake. Mawimbi maelfu kwa maelfu, gari likiwa zito, mafuta yanachemka, yanafanya povu, shokapu inaacha kuzuia chochote. Mimi nilitakiwa kupumzika saa moja iliyopita. Sikupumzika, kwa sababu nilikuwa nimepata ule mwendo wenye raha.

Wenye kuendesha wanaujua. Ukienda kilomita 40 kwa saa, meno yanagongana. Ukifika 80 au 90, ghafla gari linatulia, unaelea juu ya vilele vya mabati, mpaka unaanza kuimba. Lakini jiulize kwa nini limetulia. Kwa sababu tairi haigusi mabonde tena, inagusa vilele tu. Muda mwingi iko hewani! Breki na usukani vinafanya kazi pale tairi inapogusa ardhi, kwa hiyo ile raha umeinunua kwa kuuza uwezo wa kusimama. Gari tupu linaweza kukusamehe. Hili la tani tatu halina msamaha huo.

Leo asubuhi lilinionyesha. Kona ndogo, hata si kona ya kuogopwa. Magurudumu ya kushoto yakaingia kwenye lile tuta la changarawe laini linalokusanyika pembeni. Usukani ukawa mwepesi mkononi, kama haujaunganishwa na kitu. Mwili wote unakuambia: kata kulia, kanyaga breki. Ndivyo magari yanavyopinduka, kwa sababu tairi zikishika tena ghafla huku umekata, mzigo wote unaendelea kwenda ulikokuwa unakwenda. Nilichofanya ni kuondoa mguu kwenye mafuta, nikashika usukani umenyooka, nikaliacha lipungue lenyewe, kisha nikarudi barabarani taratibu. Mke wangu hakusema neno kwa kilomita kumi. Sasa hivi amekaa kivulini pale na anakataa kuonekana kwenye video.

Na mnyama akitokea, usukani uwe vivyo hivyo: hapo kanyaga breki, lakini ukiwa umenyooka, usikwepe. Huku tunapita ndani ya shamba la ng'ombe la Anna Creek, linalohesabiwa kuwa kubwa kuliko yote duniani, na sehemu kubwa haina uzio. Ng'ombe anavuka anapotaka. Kangaruu hutoka zaidi alfajiri na jioni, ndiyo maana jua likianza kushuka mimi natafuta pa kulala.

Upepo wa tairi nao. Tairi za nyuma, kwenye lami na mzigo huu, najaza psi 40, kile kipimo cha upepo. Kwenye changarawe nashusha hadi 30 na kitu, ili tairi ilainike na jiwe lisiichane. Ila ukishusha upepo, shusha na mwendo, maana tairi laini yenye mzigo mzito inachemka haraka. Pima asubuhi ikiwa baridi, pima tena baada ya saa moja. Ikiwa imepanda zaidi ya 6 hivi, upepo ni mdogo mno kwa mzigo huo au unakimbia mno.

Kuhusu treni za barabarani, yale malori yenye matela mengi yanayofika mita 53.5, sina mengi. Ukiliona, toka pembeni, simama, washa taa, na baada ya kupita usiondoke mpaka vumbi litue, maana huwezi kujua nyuma yake kuna nani. Mvua ikinyesha barabara inafungwa, na ukipita iliyofungwa kuna faini. Ukikwama, baki na gari. Gari linaonekana kutoka angani, wewe mtembea kwa miguu huonekani.

Haya, ngoja niishike tena. Hapana, bado ya moto. Lakini hainichomi kama mwanzo. Nikimwagia maji baridi nitaiharibu zaidi, kwa hiyo tunasubiri. Hii ya kulia imeshakufa, itafika Oodnadatta kwa mwendo wa 50, na kule nitajua kama kuna fundi au nitasubiri kifaa kiletwe. Nimeshahamisha sanduku la spana kutoka nyuma kulia hadi katikati.

Mama wee, naona vumbi kule mbali. Kuna mtu anakuja. Ngoja nikawashe taa.