Anayeteua Ametazama Nini? Mhadhara juu ya Uteuzi wa Tuzo za Filamu

Assalaamu alaykum. Wazee wangu, walimu na ndugu zangu mliohudhuria,

Nimeombwa nizungumzie uteuzi wa tuzo za filamu kwa jicho la mtazamaji, na nimechagua kushika jambo moja: namna waigizaji wanavyoteuliwa kuwania tuzo za Oscar, na kwa nini wanaoigiza kwa lugha zisizo Kiingereza huwa wachache mno katika orodha ile. Watu wengi husubiri usiku wa mshindi, ilhali mlango huwa umeshafungwa wiki kadhaa kabla, siku yanapotajwa majina matano ya kila kipengele cha waigizaji.

Mwaka 2020 filamu ya Parasite kutoka Korea Kusini iliteuliwa katika vipengele 6 na kushinda 4, kikiwemo cha filamu bora, heshima ambayo haikuwahi kupewa filamu isiyo ya Kiingereza. Aliteuliwa mwongozaji, waliteuliwa waandishi, mhariri na waliobuni mandhari. Mwigizaji hata mmoja hakutajwa. Mimi siwezi kukubali kwamba huo ulikuwa uamuzi wa ubora. Hadithi ile yote imesimama juu ya nyuso za watu wa familia chache ndani ya nyumba, na lau nyuso hizo zingekosa ukweli, hapana uhariri wala mandhari ambayo ingeiokoa.

Sababu naiona katika utaratibu. Waigizaji ndio wanaoteua waigizaji, wahariri huteua wahariri, na kadhalika, kisha wanachama wote wa Academy, chama cha wanafilamu cha Marekani kinachotoa tuzo hizo, hupiga kura ya mwisho. Mwigizaji anayependekeza wenzake huorodhesha wale aliowaona, na kwa kawaida aliowaona ni wale ambao kampuni zao zina fedha za kuzitangaza filamu na kumfikishia mlangoni. Kipengele cha filamu ya kimataifa kina nidhamu tofauti kabisa: anayetaka kuchagua filamu 5 kutoka orodha fupi ya 15 hana budi azitazame zote. Mwaka 2025 Academy ilitangaza kwamba hata katika kura ya mwisho mwanachama atapaswa kuwa ametazama filamu zote za kipengele anachokipigia kura. Naiunga mkono hatua hiyo kwa dhati, lakini inamlinda aliyekwishateuliwa. Aliyeachwa nje kwa sababu hakutazamwa hapati faida yoyote.

Upo na mlango mwingine. Filamu inayowasilishwa na nchi yake huweza kuwania kipengele cha kimataifa bila ya kuonyeshwa katika majumba ya sinema ya Marekani, lakini waigizaji wake hawawezi kuwania chochote mpaka filamu hiyo ionyeshwe huko kibiashara. Asiye na msambazaji Marekani, basi, hata hapimwi.

Wapo wanaosema kwamba haiwezekani kuupima uigizaji wa mtu ambaye lugha yake huijui. Hoja hiyo sisi watu wa visiwa hivi vya Zanzibar tunayo haki ya kuikataa mbele ya yeyote. Wazee wetu walijaza jumba la sinema la Majestic pale Vuga, na lile la Empire, kutazama filamu za Kihindi, wengi wao wakiwa hawaijui lugha ile, na bado walijua ni nani anayeigiza kwa moyo na ni nani anayesema maneno aliyoyakariri tu. Mojawapo ya filamu za Kihindi, Mother India, iliteuliwa mwaka 1958 kuwania Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni, jina la zamani la kipengele cha filamu ya kimataifa. Nargis, aliyeibeba filamu hiyo kutoka ujana wa yule mama mpaka uzee wake, alipewa tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la filamu la Karlovy Vary mwaka huo huo. Katika orodha ya waigizaji ya Oscar hakuwemo.

Na si kwamba haiwezekani. Sophia Loren alishinda mwaka 1962 kwa filamu ya Kitaliano. Yalitza Aparicio aliteuliwa mwaka 2019 kwa Roma, filamu ya Mexico, na Fernanda Torres mwaka 2025 kwa filamu ya Kireno. Lakini tukumbuke kuwa Roma ilikuwa mikononi mwa Netflix, kampuni ya kuonyesha filamu mtandaoni yenye uwezo mkubwa wa kuitangaza.

Mwaka 2022 Tanzania iliwasilisha Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya mzee wetu Adam Shafi juu ya Zanzibar ya miaka ya 1950. Nchi zilizowasilisha filamu zilikuwa zaidi ya 90, na yetu haikuingia katika zile 15. Sidai kwamba ilistahili kuingia kwa kuwa ni yetu. Ninachodai ni kwamba walioigiza Yasmini na Denge, wahusika wakuu wa filamu hiyo, watazamwe na waigizaji wenzao kabla ya kuachwa.

Pendekezo langu ni kwamba vipengele vya waigizaji navyo viwe na orodha fupi, kama ilivyo kwa muziki, sauti na vipodozi. Orodha hiyo ichukue sehemu ya majina yake kutoka filamu za kimataifa zilizokwishachujwa, ziwe zimeonyeshwa Marekani au la, na anayetaka kuteua athibitishe kwamba amewatazama wote waliomo. Filamu hizo wanachama tayari wanazipata kwa njia ya intaneti, kwa hiyo gharama ya kuzifikisha si kisingizio. Kinachotakiwa kwao ni saa za kukaa na kutazama.