Soma vipimo vya FPGA kabla hujaichagua

Karibuni watazamaji. Chipu mnayoiona mezani ni FPGA ya familia ya Artix-7, iliyobuniwa na Xilinx, kampuni ambayo sasa iko chini ya AMD. Prosesa unaipa amri, nayo inazifuata. FPGA unaipanga sakiti yenyewe, na kesho ukitaka unaifuta na kupanga nyingine. Kwa hiyo leo tunajibu swali moja: sakiti yako itaenea humo?

Tuanze na jina. Tazama kwenye skrini: XC7A35T-1CPG236C. 7A ndiyo Artix-7, na 35T ni ukubwa. Ile -1 ni daraja la kasi. -2 na -3 zina kasi zaidi. CPG236 ni umbo lenye vituo (pini) 236 vya kuunganishia, ila vya kutumia kwa ishara zako ni 106 tu, kwani vingi vilivyobaki ni vya umeme na usanidi. C ya mwisho inaruhusu joto la nyuzi 0 hadi 85, linalopimwa ndani ya silikoni, si hewani.

Sasa fungua jedwali la vipimo. Namba ya kwanza utakayokutana nayo ni seli za lojiki 33,280. Iruke! Hiyo ni hesabu ya kulinganishia chipu na chipu. Shuka utafute LUT: zipo 20,800. Kila LUT ni kijedwali kinachopokea ishara 6 na kuhifadhi majibu 64, na hapo ndipo lojiki yako itakapokaa. Flipufulopu ni 41,600, kila moja hukumbuka biti moja. Ukitaka taa ibadilike kila nusu sekunde kwa kloku ya megahezi 100, yaani mapigo milioni 100 kwa sekunde, kihesabio kinafika milioni 50, nacho kinahitaji flipufulopu 26. Unaona nafasi ilivyo kubwa.

Memori ndiyo inayoishia njiani, na hapa naomba mchukue kalamu. Ndani mna bloku 50 za kilobiti 36 (kilobiti moja hapa ni biti 1,024), jumla biti 1,843,200. Chukua picha ya pikseli 640 kwa 480, biti 8 kila pikseli: biti 2,457,600. Haienei. Punguza hadi biti 4 kwa pikseli, utapata 1,228,800, inaenea na nafasi inabaki. Fanya hesabu hii kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa msimbo.

Kisha vizidishi: viko 90, na vyote hufanya kazi kwa pamoja. Kwa megahezi 100, hiyo ni mizidisho bilioni 9 kwa sekunde. Ndiyo maana FPGA hutumika kuchakata picha za kamera na ishara za redio, na wabunifu huzitumia kujaribu chipu mpya kabla haijapelekwa kiwandani.

Malizia na umeme. Kiini kinatumia volti 1.0, na pini za kawaida mwisho wake ni volti 3.3. Kihisi cha volti 5 usikiunganishe moja kwa moja, utaiua pini. Weka kibadilisha volti katikati. Na kumbuka, umeme ukikatika chipu husahau kila kitu. Faili la usanidi, yaani lile linalobeba sakiti yako, kama halijabanwa lina biti takriban milioni 17.5, hivyo hakikisha bodi yako ina memori ya flashi, isiyosahau umeme ukikatika, yenye megabiti 32. Washa bodi, subiri, na taa ianze kumeta.